Usimwite mzee yeyote "queer" kabla hujamsikia akijiita hivyo

Lifute neno "queer" kwenye jalada la kijitabu chako leo, kabla faili halijamfikia mchapaji. Umeeleza kwamba unaandaa kijitabu cha Kiingereza chenye simulizi za wazee wa Uingereza waliopenda watu wa jinsia yao, kwamba wengi wao wamepita miaka 75, na kwamba utawaita wote jaladani "queer", neno la Kiingereza kwa watu wa aina hiyo, kwa sababu umesoma kuwa si tusi tena. Umeuliza pia asili yake. Mimi nilisoma hayo hayo uliyoyasoma, nikayaamini, nikayalipia kutoka mfukoni mwangu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya picha za maonyesho katika mji mmoja wa kaskazini mwa England. Mhadhiri mmoja, ambaye namsitiri jina ingawa yeye hakunisitiri, alinihakikishia kwamba neno limekwisha kutakaswa, kwamba linawakusanya wote bila ubaguzi, na kwamba kuandika "gay" ni ukale. Basi nikaandika "queer" chini ya kila picha, maelezo yakachapwa kwenye mbao na kutundikwa, na jioni ya kuamkia ufunguzi wahusika wakaalikwa kuyatazama. Mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, alisimama mbele ya picha yake, akasoma, akarudia kusoma, kisha akaniuliza kwa upole uliokata kuliko wembe kama ninajua alikuwa wapi mara ya kwanza alipoitwa hivyo. Alikuwa kijana, amekabwa ukosi na polisi. Alitaka picha yake iondolewe usiku uleule, na wenzake kadhaa wakamfuata. Mkataba ulisema kwamba makosa ya maandishi ni ya mwandishi, kwa hiyo mbao zilichapwa upya kwa fedha zangu, nazo hazikuwahi ufunguzi. Tulifungua maonyesho yenye mapengo ukutani, na mgeni mmoja akayasifu mapengo hayo akidhani ni sanaa ya kisasa. Sikumsahihisha, ndiyo sifa pekee niliyoipata usiku ule.

Jambo ambalo mhadhiri yule hakuniambia, na ambalo kwa mshahara wake alipaswa kulijua, ni hesabu ya umri. Mpaka mwaka 1967 mapenzi baina ya wanaume, hata ndani ya nyumba iliyofungwa, yalikuwa jinai katika England na Wales, na sheria ya mwaka huo iliwaondolea adhabu wale tu waliotimiza miaka 21 na waliokuwa faraghani. Scotland ilingoja hadi 1980 na Ireland ya Kaskazini hadi 1982. Wazee wako walikuwa vijana katika miaka hiyo, na neno lililokuwa likitangulia ngumi, kufukuzwa kazi au pingu lilikuwa hilohilo unalotaka kulipamba jaladani.

Kuhusu asili: lilionekana mwanzoni mwa karne ya 16, katika lugha ya Scotland, kwa maana ya jambo geni au la ajabu. Ndiyo sababu katika riwaya za zamani mtu hujisikia "queer" kumbe ni kizunguzungu tu, na aliyezama katika madeni husemwa yuko "Queer Street", mtaa ambao niliufahamu vizuri baada ya kuzilipia zile mbao. Mwaka 1894 Marquess wa Queensberry, baba wa kijana aliyekuwa mpenzi wa mwandishi Oscar Wilde, alilitumia katika barua kama tusi kwa wanaume waliopenda wanaume. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 wako wanaume wa New York waliojiita hivyo wenyewe bila haya, hivyo historia yake haikwenda kwa mstari ulionyooka.

Kutwaliwa upya kwa neno hilo na wale waliotukanwa nalo, kunakosifiwa leo, kulishika kasi mwaka 1990, pale wanaharakati wa ACT UP, kundi lililokuwa likipigania wagonjwa wa UKIMWI, walipoanzisha kundi la Queer Nation jijini New York. Mwaka huohuo msomi Teresa de Lauretis alilitia katika jina la mkutano wa kitaaluma huko Santa Cruz, California, na tangu hapo vyuo vikuu havijaliachia. Watu waliokuwa wakizika rafiki zao hawakulichagua kwa sababu limetakata. Walilichagua makusudi kwa kuwa linauma, ili wamnyang'anye adui silaha yake. Anayesema limetakaswa hajawaelewa hata hao anaojidai kuwanukuu.

Hata sisi tunalijua jambo hili. Pwani, wanawake huitana "shoga" kwa mapenzi kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwite mwanamume hivyo barazani, halafu ueleze kwamba neno hilo lina maana nzuri.

Kwa hiyo kaa na kila mzee na umuulize ajiitavyo, kisha uandike hivyo hivyo. Wengine watasema "gay", baadhi ya wanawake watasema "lesbian" na hawatataka jingine, na usishangae bibi wa miaka 80 akikuambia "queer" huku akicheka. Kwake yeye liandike. Liwe kivumishi daima, kwa maana likiwa nomino, yaani "a queer", linawachoma hata vijana wengi wanaojivunia kuwa "queer". Kwa marehemu tafuta barua na shajara zao, na usipopata kitu andika alichokifanya: aliishi na fulani, walizikwa pamoja. Jalada libebe majina yao au jina la mji wao. Na kabla hujatia saini, kisome kile kipengele cha makosa ya maandishi.