Maganda ya nyanya yanajiviringa kwenye rosti

SWALI: Nanunua nyanya kwa sado soko la Kilombero, nazikatakata na kuzikaanga na vitunguu. Maganda yanajiviringa kama njiti, na rosti inabaki chachu, ya majimaji. Nakosea wapi? – Msomaji, Kijenge, Arusha

JIBU: Ganda la nyanya haliyeyuki hata ulipike saa nzima. Nyanya zinazolimwa sana huku, kama Tanya na Tengeru 97, zina ganda gumu la kuvumilia safari ndani ya tenga, kwa hiyo dada, menya kwanza.

Chemsha maji yatokote hasa. Toa kikonyo, kisha kwa ncha ya kisu chora msalaba kitakoni mwa nyanya, usipite ganda. Tumbukiza nne au tano tu kwa mara moja; ukijaza sufuria maji yanapoa, nyanya zinaanza kuiva na ganda bado limeng'ang'ania. Wengi husema sekunde 30. Lakini Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu hutokota kwenye nyuzi 95 tu, basi usihesabu: tazama ule msalaba. Pembe zake zikiinuka, opoa, tia kwenye maji baridi, ganda litaambuka kwa vidole.

Mwenye haraka akate nyanya mbichi nusu, aparaze upande wa ndani kwenye kiparazio cha karoti. Ganda litabaki mkononi. Kwa rosti ya kila siku, hii inatosha kabisa.

Uchachu mara nyingi ni wa nyanya zenye mabega ya kijani, au rosti kuepuliwa mapema. Vitunguu vikishalainika, weka nyanya na chumvi, acha bila mfuniko kwenye moto wa kati. Nyanya sita huchukua kama dakika 15. Mafuta yakijitenga pembeni, ndipo utie nyama au maji. Ukitangulia, unachemsha nyanya badala ya kuzikaanga. Ule ute wa mbegu usiumwage, una ladha nyingi. Sukari? Inaficha uchachu tu.

Za sado ambazo hazijaiva zisiingie friji, baridi inazuia kuiva na kuua ladha. Zilizoiva mno zioshe, zifute, zigandishe nzima kwenye friza. Siku ya kupika zipitishe chini ya bomba: ganda linavuka lenyewe, hata maji ya moto huhitaji.