Seli ya figo iliyoacha kugawanyika haijafa

Kosa langu la kwanza katika maabara ya seli za figo lilikuwa la hesabu, na ninalitaja mapema kwa sababu wageni wengi hulirudia. Nilipanda seli 10,000 katika kila kishimo cha sahani, nikazitia sisplatini, dawa ya saratani inayofahamika kwa kudhuru figo, na baada ya saa 48 nikapima kwa MTT, kemikali ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa zambarau. Rangi ya zambarau ilikuwa nusu ya ile ya vishimo visivyotiwa dawa, nami nikaandika bila wasiwasi kwamba nusu ya seli zimekufa. Msimamizi wangu alinirudisha kwenye darubini nikazihesabu kwa rangi ya tripani bluu. Zilizopokea rangi, yaani zilizokufa, zilikuwa chache mno. Zilizobaki zilikaribia 10,000 zile zile, hai, zimetanuka na kulala bapa, ilhali zisizotiwa dawa ndizo zilizokuwa zimefika 20,000.

DNA ya seli ya mrija wa figo inapoharibiwa, protini p53 huongezeka na kuamsha protini nyingine, p21, nayo huvizuia vimeng'enya vinavyosukuma mgawanyiko, ili seli ipate muda wa kujirekebisha kabla ya kurithisha makosa. Panya wasio na jeni ya p21 huumizwa zaidi na sisplatini, jambo lililoonyeshwa mwaka 1998, kwa hiyo msiihesabu breki hii kuwa ni ugonjwa. Ikinasa, hata hivyo, ni balaa: utafiti wa panya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba seli za mirija zilizokwama katika hatua ya G2/M, zikiwa zimekwisha kunakili DNA yao lakini hazijagawanyika, hutoa kemikali zinazochochea kovu ndani ya figo. Ndiyo maana ripoti inayosema tu kwamba ukuaji umesimama huwa nairudisha. Pimeni kiasi cha DNA katika kila seli kwa saitometa, mashine inayopima seli moja moja, mseme umesimama hatua gani.

Chunguzeni pia nasaba ya seli mnazopewa. Seli za HK-2, zilizotoka katika mrija wa figo ya binadamu, ziliwezeshwa kuendelea kugawanyika kwa jeni E6 na E7 za virusi vya papiloma aina ya 16. E6 husababisha p53 ivunjwe, na E7 huidhoofisha Rb, protini ambayo nayo ni breki ya mgawanyiko. Kuchunguzia p53 humo ni sawa na kupima breki za gari ambalo fundi amekwisha kulikata waya. Seli zilizotolewa moja kwa moja kwenye figo zinafaa zaidi, ingawa zinachosha na hupoteza tabia zake upesi.

Sisplatini msiiyeyushe kwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida cha maabara, kwani huidhoofisha dawa; tumieni maji ya chumvi ya 0.9%. Na siku mnayotia dawa, tengeni sahani moja muihesabu saa ile ile, maana mimi sikuwa nayo, na ndiyo ingenionyesha kwamba nilianza na 10,000 na nikamaliza na 10,000.