Derivativu za trigonometria: jua mbili, nne zitakuja zenyewe

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowafundisha tuisheni hapa Ngamiani, Tanga, hunijia wakiwa wamekariri jedwali zima la derivativu za trigonometria (derivativu ni kasi ya badiliko la funksheni). Nawaomba waliweke kando kwanza. Katika funksheni zote sita, za kujua kwa dhati ni mbili tu, saini na kosaini.

Mimi huanzia ufukwe wa Raskazone. Maji yakianza kujaa huja taratibu, katikati yanapanda kwa kasi, na yakikaribia kujaa kabisa yanapunguza mwendo, yanasimama kidogo, ndipo yaanze kupwa. Chora kina cha maji kwa kila saa, utapata wimbi linalokaribiana sana na saini. Sasa chini yake chora kasi ya badiliko. Kileleni ni sifuri, katikati ya kupanda ni kubwa kuliko kote, maji yakipwa ni hasi. Mchoro huo wa pili ni kosaini. (Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, wimbi linapanda juu zaidi na kasi inaongezeka nalo, ndiyo maana derivativu ya 2 sin x ni 2 cos x.) Kosaini yenyewe huanzia kileleni na kuteremka, kwa hiyo derivativu yake ni −sin x. Aliyechora kwa mkono wake hasahau ile alama ya kutoa.

Mchoro si uthibitisho, lakini. Uthibitisho unasimama juu ya jambo moja: sin h ikigawanywa kwa h hukaribia 1 kadiri h inavyokaribia sifuri. Weka h = 0.1, utapata kama 0.9983. Hilo ni kweli kwa radiani tu, kipimo cha pembe ambacho duara zima ni 2π! Ukitumia nyuzi, derivativu ya saini huzidishwa kwa π/180, yaani karibu 0.01745, na majibu yote yanaharibika. Tafadhali, kagua kikokotoo chako kabla ya swali la kwanza.

Zilizobaki ni kanuni ya kugawanya, ile ya kutafuta derivativu ya funksheni moja juu ya nyingine. Tan x ni sin x juu ya cos x. Kanuni inakupa cos²x + sin²x juu ya cos²x, sehemu ya juu ni 1, jibu ni sec²x. Sec x, yaani 1 juu ya cos x, inatoa sec x tan x. Cosec (1 juu ya sin x) na cot (cos x juu ya sin x) zitafute mwenyewe kabla ya kufungua kitabu. Zote mbili zitatoka na alama ya kutoa.

Kisha ingia kwenye sin 3x. Derivativu yake ni 3 cos 3x, kwa sababu wimbi limebanwa mara tatu na miteremko yake imekuwa mikali mara tatu.