Subaru ya barabarani kwenda uwanjani: turbo isubiri, anza na breki

Swali: Habari fundi. Niko Ligula, Mtwara Mjini. Nina Subaru Impreza WRX ya 2004, gia za mkono, injini haijafunguliwa. Msimu ujao nataka kushiriki mbio za ridhaa kwenye uwanja wa lami. Nimepanga kuanza na turbo kubwa na ekzosi pana. Nipo sahihi?

Jibu: Turbo iache kwanza, ndugu yangu. Injini hiyo ikiwa nzima, nguvu yake inamtosha dereva wa msimu wa kwanza. Gari la barabarani likiingia uwanjani hushindwa kwanza kusimama, halafu kupoa. Pesa ya turbo ipeleke huko.

Anza na mafuta ya breki. Yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 155. Uwanjani breki hupita hapo upesi. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inazama hadi sakafuni. Nunua lita 1 ya DOT 4 ya mbio au DOT 5.1, kopo ambalo halijafunguliwa, usukume mafuta yote ya zamani yatoke. DOT 5 ni silikoni, kitu kingine kabisa, usiichanganye.

Kabla ya kutoa upepo kwenye breki, tazama nipeli (vijiskurubu vya kutolea upepo) za kaliper, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Chumvi ya bahari inazigandisha, na fundi mwenye haraka anazikata. Zipulizie mafuta ya kulainisha kutu, zilale usiku mzima, kisha tumia spana ya pete inayokaa sawasawa. Toa pia pini za kaliper, zisafishe na uzipake grisi ya breki. Pini ikikwama, pedi moja inaisha huku mwenzake mzima. Mabomba ya chuma chini ya gari yaangalie kwa tochi. Penye kutu ya magamba, badilisha.

Pedi za kawaida hazifai. Ukizifunga za mbio, zizoeshe na diski: punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa saa, mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, halafu endesha polepole zipoe. Na jifunze kutofautisha dalili: pedeli laini ni mafuta yaliyochemka au upepo, pedeli ngumu lakini gari halisimami ni pedi iliyozidiwa na joto. Ukitoka kwenye mbio usikanyage breki ukiwa umesimama, maana pedi ya moto inaacha alama kwenye diski na usukani utaanza kutetemeka.

Oili nayo ina hatari yake. Injini ya Subaru imelala, yaani silinda zake zimelazwa ubavu, na kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, beringi za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krenki) zikafa. Weka oili mpya ya sintetiki 5W-40 na filta mpya, ipande hadi alama ya juu ya kijiti, na pima kila unapotoka uwanjani, gari likiwa mahali tambarare. Hili usilifanyie uvivu hata siku moja.

Kwenye rejeta usitie maji ya kisima; mengi ya huku yana chumvi. Changanya kulanti (dawa ya kupoza injini) na maji yaliyotoneshwa (distilled), nusu kwa nusu, na ubadilishe mfuniko wa rejeta ikiwa mpira wake umekakamaa. Ukiona mapovu yasiyoisha kwenye chupa ya akiba injini ikiwa ya moto, shuku gasketi ya silinda hedi na usiende kokote kabla haijapimwa.

Tairi za mtumba hapana. Soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya kiwandani ubavuni: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Anza na upepo wa psi 29 asubuhi tairi zikiwa baridi, upime tena mara tu utokapo uwanjani; zikizidi 36, punguza. Kipimo cha asubuhi ukikichukua jua likiwa kali hapa Mtwara, kitakudanganya, maana tairi zimeshapata joto.

Helmeti, mtungi wa kuzimia moto uliofungwa kwa boliti na betri isiyocheza vitakaguliwa kabla hujaruhusiwa kuingia. Nati za rimu kaza kwa spana ya kipimo, takriban Nm 100, kisha zirudie baada ya mzunguko wa kwanza, rimu zikishapoa.