Re: Mguu umekatwa, bima wanatoa mkupuo. Tukatae tudai kila mwezi?

Mkuu, nimekusoma. Mdogo wako ni utingo wa lori, aligongwa na kosta Kikatiti akiwa kazini, mguu ukakatwa chini ya goti pale hospitali ya KCMC, Moshi. Bima ya kosta inatoa milioni 60 kwa mkupuo, nyinyi mnataka alipwe kila mwezi maisha yake yote.

Kwa upande wa bima, msahau, labda wakubali wenyewe. Kesi za madhara (za kudai fidia kwa kuumizwa) huku kwetu Tanzania mahakama hutaja kiasi kimoja, basi. Usichanganye na malipo ya awamu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu hukumu ilipwe kwa awamu, lakini hapo deni ni lilelile, limekatwa vipande ili mdaiwa apumue. Mgonjwa akiishi miaka 40, haliongezeki hata shilingi. Mtu akikushawishi "tukulipe kidogo kidogo" bila riba wala dhamana, anakukopa.

Malipo ya kila mwezi yako mlango mwingine ambao hujautaja: WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Aliumia kazini, ana mwajiri. Ulemavu wa kudumu ukipimwa kuzidi asilimia 30, ni pensheni ya kila mwezi. 30 kushuka chini ni mkupuo. Ulemavu kamili ni asilimia 70 ya mshahara, wa sehemu unapungua kwa uwiano. Mshahara 400,000, ulemavu asilimia 50: 70% ni 280,000, nusu yake 140,000 kwa mwezi. Wengi wanapunjwa kwenye mshahara uliopelekwa kwenye Mfuko. Kama mwajiri alikuwa akitangaza 250,000 na nyingine anampa mkononi, hesabu itafuata ile ndogo, kwa hiyo tafuteni mapema salary slip, miamala ya benki au ya simu. Madai yaingie ndani ya miezi 12 tangu ajali. Hii haimzuii kumdai mwenye kosta, ila asitegemee hasara ileile ilipwe mara mbili.

Sasa hizo milioni 60. Akitumia 500,000 kwa mwezi zinakwenda miaka 10 kamili. Lakini bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka na yeye akaongeza matumizi kufuata bei, zinaisha baada ya miaka 8 na miezi mitatu hivi. Kijana wa miaka 26 atakuwa na 34. Na hata malipo ya mwezi yasiyopanda si kimbilio: kwa kasi hiyohiyo, 500,000 ya leo itanunua nusu tu baada ya miaka 14. Uingereza mahakama zina uwezo wa kuamuru malipo ya vipindi tangu 1 Aprili 2005 hata kama pande zote hazitaki, lakini lazima kwanza zijiridhishe kwamba mlipaji ana uhakika wa kulipa. Baadaye walilumbana sana kuhusu kipimo cha kupandisha malipo hayo mwaka hadi mwaka, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ikakubali gharama za uangalizi zifuate mishahara ya wahudumu wa wagonjwa, kwa sababu mishahara hiyo haiendi sambamba na bei za dukani.

Kwa hiyo kabla ya kubishana mkupuo au mwezi, bishaneni kiasi. Mguu bandia haununuliwi mara moja: wa mtu mzima hubadilishwa kila miaka 3 hadi 5, na katikati kuna soketi (kikombe kinachoshika sehemu ya mguu iliyobaki, yaani kisiki) inayolegea kisiki kikisinyaa, mikanda, soksi za kisiki, nauli za kliniki. Nendeni karakana ya viungo bandia hapo KCMC, ombeni profoma (makadirio ya bei) ya maandishi ya mguu na ya matengenezo. Akihitaji mguu kila miaka 4 kwa miaka 36, ni miguu 9. Nina wasiwasi ofa yenu imehesabu mmoja. Gharama za namna hii zitajwe na kuthibitishwa. Zikikosa karatasi, hakimu hana cha kushika.

Mkishapata kiasi cha maana, mnaweza kujitengenezea mshahara wenyewe: hatifungani za serikali (unaikopesha serikali) hulipa riba kila miezi sita, na Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, una mpango wa gawio la kila mwezi. Tengeni pembeni fedha za mguu wa kwanza na madeni ya hospitali. Kununua bodaboda tatu na kumkabidhi shemeji azisimamie sikushauri.

Hati ya kumaliza madai ambayo bima wanaileta pamoja na hundi, msisaini bado. Ikishasainiwa, kisiki kikihitaji upasuaji mwingine mwakani ni juu yenu. Mna miaka mitatu tangu ajali kufungua kesi ya madhara, na mazungumzo na bima hayasimamishi saa. PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), ramani ya ajali na nakala ya kesi ya trafiki viwe mkononi.

Amepimwa asilimia ngapi, na ajali ilikuwa mwezi gani? Weka hapa tuone kama ile miezi 12 bado ipo.