Madaftari ya Nyanya

SWALI: Mwalimu, salaam. Marehemu nyanya yangu, mzaliwa wa Lamu, aliniachia madaftari mawili ya mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Nimeyapiga taipu yote. Wachapishaji wawili hapa mjini wamenijibu kwamba ushairi usiosomwa shuleni hauna soko. Rafiki yangu anasema nijaribu wachapishaji wa vyuo vikuu. Hao si huchapisha vitabu vya maprofesa tu?
Msomaji, South B

JIBU: Wa alaiki salaam, binti yangu. Rafiki yako amekuelekeza vizuri. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kule Johannesburg, kilichapisha diwani ya Muyaka, mshairi wa Mombasa aliyekuwa kaburini takriban miaka mia. Chuo hicho hicho baadaye kikatoa Pambo la Lugha la Shaaban Robert. Wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Oxford, tawi la hapa Nairobi, wakatoa Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir mwaka 1971, na 1973 Sauti ya Dhiki, ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa kifungoni. Hata mashairi huru ya Kezilahabi, mshairi wa Tanzania, yametafsiriwa na kutolewa na chuo kikuu, cha Michigan State, mwaka 2015.

Nakala yangu ya Malenga wa Mvita niliinunua kando ya barabara ya Tom Mboya, jalada limebanduka. Mimi ni mtu wa bara. Bila kazi ya Shihabuddin Chiraghdin, aliyekihariri kitabu kile na kukitilia sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, nusu ya maneno yangenipita. Hapo ndipo ushairi na usomi hukaa kitabu kimoja, na hapo ndipo madaftari yako yana nafasi. Usipeleke mashairi matupu. Andika nyanya alikuwa nani, shairi lipi alilitungia arusi ya nani, neno gani lina maana gani. Shangazi zako wangali hai? Kaa nao sasa, na kalamu mkononi.

Tena nakuomba sana, usimsanifishe. Kama amefunga kina kwa “mato” na “mtoto”, ukiandika “macho” umekivunja kina na umemnyang'anya Kiamu chake, lahaja ya Lamu. Acha “mato”, ueleze kwenye sherehe.

Jiandae kungoja. Mchapishaji wa chuo humpa mswada mtaalamu mmoja au wawili wausome kwanza, na maoni yao huweza kukurudisha mezani. Nakala zitakazochapwa huwa chache.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya nyanya inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na huwa ni ya warithi. Kuachiwa madaftari si lazima iwe umeachiwa na haki hiyo. Pata idhini yao kwa maandishi kabla hujatuma chochote, na upige picha kila ukurasa. Madaftari yenyewe yasitoke nyumbani.