Kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta: sio kila makaa yanakubali

Mkuu umeuliza kwa nini anthrasaiti haifai kutengenezea dizeli wakati ndo makaa yenye kaboni nyingi kuliko yote. Tatizo ni hiyo hiyo kaboni. Mafuta ghafi yana karibu atomu 2 za haidrojeni kwa kila kaboni 1, makaa ya mawe mengi hayafiki hata 1, kwa hiyo haidrojeni lazima uongeze.

Sasa ndani makaa ni pete za kaboni zilizoshikana mafungu mafungu, kati ya fungu na fungu kuna viunganishi dhaifu, ukipasha mpaka nyuzi 400 na kitu vinakatika na vile vipande vinabaki na ncha wazi vinatafuta pa kushika, hapo ndo haidrojeni lazima iwe karibu iwahi kuziba, ikichelewa vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe unabaki na koki (kaboni ngumu, sio mafuta). Anthrasaiti pete zake zimeungana mno, viunganishi vya kukatika karibu hamna.

Lignaiti (makaa machanga, ya kahawia) inakatika kirahisi ila oksijeni yake nyingi inakula haidrojeni inakuwa maji, na haidrojeni ni ghali jamani! Hata hivyo Wajerumani kwenye kiwanda cha Leuna walianza na lignaiti 1927 kwa njia ya Bergius, yaani hii hii ya kupasha makaa pamoja na haidrojeni. Mi ningechagua bituminasi, makaa ya kati ya lignaiti na anthrasaiti.

Kiwanda cha Secunda cha Afrika Kusini ni habari nyingine, wao wanavunja kila kitu kiwe gesi halafu wanajenga mafuta upya, so pete haziwasumbui sana, wanaangalia zaidi majivu na kama makaa yanagandamana kwenye moto.